Mafundi wa zamu waliposusa kufundisha: kisa cha chuo cha ufundi na kiwanda cha maziwa

Kisa hiki kimetokea Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Majina ya chuo, kiwanda na watu nimeyaondoa, na mambo machache ambayo yangewatambulisha wahusika nimeyabadilisha. Mimi nilikuwa mwalimu wa karakana, na upande wa chuo ndiye niliyepewa kuratibu mafunzo. Kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu, na nimeyaandika kama yalivyokuwa.

Usuli

Kiwanda kinapokea maziwa kutoka vituo vya kukusanyia vijijini, kinayapasturisha, yaani kuyapasha moto ili kuua vijidudu, kinatengeneza mtindi, siagi na jibini. Wafugaji wake wengi ni wadogo, mwenye ng'ombe wawili au watatu, na keni zinafika kwa pikipiki kabla jua halijakolea. Masika, majani yakiwa tele, maziwa yanafurika hadi kiwanda kinashindwa kuyamaliza. Kiangazi yanapungua, mitambo inapumzika nusu ya siku. Habari hii ya msimu ndiyo iliyokuja kutuumiza.

Mitambo ilikuwa mikononi mwa mafundi wanne wa zamu. Mkubwa wao, nitakayemwita Mzee, alikuwa amekaa pale zaidi ya miaka 20. Alianza kama kibarua wa kupakia kreti. Wageni walipokuja kufunga mtambo wa kupasturisha, yeye ndiye aliyekuwa akiwabebea spana, na walipoondoka ikaonekana anajua kila walichokifunga. Hakuna hata mmoja kati ya wanne aliyekuwa na cheti cha ufundi. Mwenye kiwanda alianza kukosa usingizi: Mzee akistaafu, nani atalijua boila na homogenaiza, ile mashine ya kuvunja mafuta ya maziwa yasielee juu?

Chuo chetu nacho kilikuwa na shida yake. Tulikuwa tunafundisha umeme wa majumbani, ufundi wa mitambo na uchomeleaji. Mwanafunzi wetu angefunga soketi na swichi kwa macho yaliyofumbwa, lakini alikuwa hajawahi kushika vali inayoendeshwa kwa upepo, wala kufungua pampu ya chuma cha pua. Karakana nzima haikuwa na kifaa hata kimoja cha kiwanda cha chakula. Vijana walikuwa wanahitimu, kisha wanarudi nyumbani kusubiri jirani ajenge.

Na lilikuwepo suala la tozo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi Tanzania Bara analipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokatwa kwa kukokotoa mishahara yote anayolipa. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na sehemu ya fedha hizo inagharimia mafunzo ya ufundi stadi kupitia VETA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo hayo. Meneja mkuu alitwambia kikao cha kwanza kabisa: "Tunalipa miaka yote, na sijawahi kuona fundi aliyetoka kwenye hela yangu." Alisema kwa uchungu, na tulimwelewa.

Makubaliano yalivyoandikwa

Tulikubaliana kuendesha uanagenzi pacha: nadharia na msingi wa kazi vifundishwe chuoni, vitendo kiwandani, kwa miaka miwili. Wanagenzi 12 kwa kuanzia. Kiwanda kitatoa nauli, chakula cha mchana, ovaroli na gambuti. Chuo kitashughulikia bima na kuwapeleka wanagenzi kupima afya, maana anayeingia kwenye chakula cha watu lazima apimwe. Kila mwanagenzi atakuwa na kitabu cha kumbukumbu, na kila kazi atakayofanya itasainiwa na fundi wa zamu.

Hati ilikuwa na kurasa 8. Mkuu wa chuo alitia sahihi, meneja mkuu akatia sahihi, tukapiga picha mbele ya bendera. Nimeisoma tena hivi karibuni. Maneno "fundi wa zamu" yametajwa mara moja tu, kwenye sentensi ya kusaini kitabu. Siku ile hakuna fundi hata mmoja aliyekuwepo chumbani. Wanne hao walipata habari wiki mbili baadaye, kwenye ubao wa matangazo.

Mwaka wa kwanza

Wanagenzi waliripoti Februari, kwa sababu kalenda ya chuo inaanza Januari na Februari ndiyo zamu ya vitendo. Februari hiyohiyo maziwa yalikuwa yamefurika. Mtambo uliwashwa alfajiri ukazimwa usiku, na uliposimama ulisimama kwa ajili ya kuoshwa: maji, soda kali ya moto, maji, asidi, maji. Hapakuwa na saa ya kufungua kitu na kumwonyesha mtu ndani yake. Vijana wakapewa mifagio na brashi za kreti.

Nilifika baada ya wiki tatu. Msichana mmoja, katika wale tuliowategemea sana, alinipa kitabu chake. Kwa mwandiko mzuri kabisa, mistari 11 mfululizo: "Kuosha kreti." Mstari wa 12 ukasema: "Kufanya matengenezo ya pampu", na sahihi pembeni. Nikafurahi. Nikamuuliza ulifanya nini kwenye pampu?

"Mwalimu, nilishika tochi."

Nilipekua vitabu vingine. Sahihi zote zilikuwa za wino mmoja na tarehe zake zimefuatana, lakini zilikuwa zimetiwa siku moja, Ijumaa jioni, juu ya pipa la sabuni. Fundi alisaini kama mtu anayesaini risiti.

Nilichofanya baada ya pale ndilo kosa langu la kwanza. Niliripoti kwa mkuu wa chuo, naye akamwandikia afisa rasilimali watu wa kiwanda barua ya kukumbushia makubaliano. Afisa akawaandikia mafundi waraka wa kuwataka wafundishe. Kesho yake masanduku ya spana yakafungwa kufuli. Mwanagenzi akiomba bisibisi anaambiwa kaombe kwa walioandika waraka.

Mpaka mwisho wa Juni wanagenzi 5 kati ya 12 walikuwa wameondoka. Wasichana wawili waliacha kwa sababu nyingine kabisa: zamu ya usiku inaisha saa nne, na hakukuwa na gari la kuwarudisha. Hili hatukuliandika popote katika kurasa 8. Chuoni tukaambiana kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Kiwandani wakaambiana kwamba chuo kinaleta watu wasiojua kitu.

Usiku wa kuzungumza na Mzee

Julai niliomba niruhusiwe kukaa zamu moja ya usiku, bila daftari. Nilimsalimia Mzee shikamoo, akaitikia, akaendelea na kazi. Ilipofika kama saa tatu pampu moja ilibadilika sauti kidogo. Mimi sikusikia kitu. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Kisha akanipa mimi. "Sikiliza. Unasikia kama mchanga?" Nilisikia. "Hiyo ina siku kumi. Tukiisubiri itatuachia maziwa ndani ya bomba."

Tulipokaa kunywa chai ndipo akasema lililokuwa moyoni.

"Mwalimu, huyu mtoto nikimaliza kumfundisha, nyie mtampa cheti. Akirudi hapa na cheti ataandikwa fundi mchundo. Mimi karatasi sina, nimeandikwa mfanyakazi wa uzalishaji. Mshahara wake utanipita siku ya kwanza. Sasa nimfundishe ili aje anisimamie?"

Nilikwenda kwa afisa rasilimali watu kuhakikisha. Ilikuwa kweli tupu. Muundo wa mishahara wa kiwanda ulimpa daraja la ufundi mwenye cheti tu. Mafundi wote wanne walikuwa daraja moja na wapakiaji, wakiongezewa posho ya zamu. Tulikuwa tumewaomba watu wamkabidhi mtoto wa mwenzao kitu ambacho wao wenyewe walinyimwa, kisha tukawaandikia waraka walipokataa.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha Agosti kilikuwa cha kwanza ambacho mafundi walikaa mezani. Kilichukua siku mbili, na siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye malalamiko. Nadhani ilistahili.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha mafunzo ya kiwandani. Chuoni hili lilipingwa kwa sababu lilionekana kama kushindwa. Tulilishikilia kwa hoja moja: kila wiki ya kuosha kreti ilikuwa inamfundisha mwanagenzi kwamba ufundi ni kusubiri. Waliobaki 7 tuliwarudisha karakana.

Wa pili ndio uliobeba mengine yote. Kabla mwanagenzi yeyote hajarudi, mafundi wanne watapimwa na kupewa vyeti kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huu VETA wanao kwa miaka mingi, ila watu wanaufikiria kwa ajili ya mafundi wa mitaani, waashi na makanika wa gereji. Sisi wenyewe tulikuwa hatujaufikiria kwa mtu aliyeajiriwa kiwandani. Mtu anapimwa akiwa kazini, anaulizwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, anaonyesha kazi kwa mikono. Watatu walifaulu. Wa nne alikuwa hodari wa chuma lakini umeme wake ulikuwa wa kubahatisha, akasoma Jumamosi 9 chuoni kuziba pengo, akapimwa tena, akapita. Mhasibu wa kiwanda aliuliza kwa nini walipie kumpima mtu ambaye tayari anafanya kazi vizuri. Meneja uzalishaji akamjibu kwa hesabu ya maziwa yaliyomwagwa siku ambazo Mzee alikuwa likizo. Pamoja na vyeti, afisa rasilimali watu alikubali kwa maandishi kwamba wanne hao watahamishiwa daraja la ufundi.

Wa tatu, tuligeuza kalenda. Wanagenzi wataingia kwa wingi Agosti hadi Oktoba, maziwa yakiwa machache na kiwanda kikifanya matengenezo makubwa. Masika wataingia wawiliwawili tu, waone mtambo ukiwa mbioni. Ilitubidi tuvunje ratiba ya masomo ya chuo na kuipanga upya, na walimu wenzangu waliofundisha masomo ya jumla hawakunishukuru.

Wa nne, kitabu cha kumbukumbu kilitupwa. Kile cha zamani kilikuwa na vichwa vya mada: pampu, vali, usalama. Kipya kiliandikwa na mafundi wenyewe wakisema na mimi nikiandika, kikawa na kazi 34. Kazi ya 6 inasema: "Fungua pampu, badilisha sili, funga. Isivuje zamu nzima." Sahihi inatolewa zamu ikiisha, siyo Ijumaa.

Mengine yalikuwa madogo lakini yalihitajika: posho kwa fundi anayefundisha, gari la zamu ya usiku kwa wote, na pleti chakavu za kupashia maziwa pamoja na pampu mbili zilizotolewa kazini, zikaletwa karakana yetu ili kijana aharibu huko kwanza.

Liko wazo moja tulilolikataa. Mtu mmoja alipendekeza kiwanda kiajiri mkufunzi kutoka nje awafundishe wanagenzi, mafundi waachwe na kazi zao. Ingekuwa rahisi. Lakini mkufunzi wa nje angeujua mtambo wa namna ile; asingeujua ule mtambo wenyewe, na viraka vyake vya miaka 20.

Matokeo

Duru ya pili ilipokea wanagenzi 8, wakiwemo 3 wa duru ya kwanza waliokubali kurudi. Yule msichana wa tochi alikuwa mmoja wao. Waliomaliza ni 7.

Tukio moja nalieleza kwa kirefu kwa sababu linaonyesha mafunzo yalibadilika vipi. Maziwa yanapasturishwa kwa kupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kushikiliwa hapo kwa sekunde 15 yakiwa yanapita kwenye bomba. Ili kuokoa kuni na umeme, maziwa ya moto yaliyokwisha kupasturishwa yanapitishwa upande mmoja wa pleti, na mabichi ya baridi upande wa pili, yapashane moto bila kugusana. Kati yao kuna bati jembamba la chuma cha pua. Kwa hiyo msukumo wa upande uliopasturishwa unatakiwa uwe juu ya ule wa mabichi muda wote: bati likitoboka, yaliyo safi ndiyo yavujie kwenye mabichi, isiwe kinyume chake.

Kazi ya 19 kwenye kitabu ni kusoma geji mbili za msukumo wa pande hizo kila mwanzo wa zamu na kuziandika. Asubuhi moja ya Machi, maziwa yakiwa mengi, msichana yule alisoma na kukuta mabichi yako juu. Kipimajoto kilionyesha 72, kalamu ya chati ilichora mstari ulionyooka, hakuna kengele iliyolia. Alisoma mara ya pili, akaenda kwa Mzee. "Mzee, geji zimebadilishana." Mzee alikuja, akagonga kioo cha geji kwa ukucha, akaangalia, akazima mtambo. Walikuta springi ya vali inayoshikilia msukumo, mwisho wa upande uliopasturishwa, imelegea. Pleti zilikuwa nzima. Maziwa ya asubuhi ile yalirudishwa yakapasturishwa upya, na wafugaji waliokuwa kwenye foleni wakangoja.

Mzee aliniambia baadaye kwamba yeye geji hizo alikuwa anazitazama kila siku kwa mazoea, na siku ile alikuwa hajazitazama. Kisha akafungua kitabu cha yule binti, akasaini kazi ya 19.

Kati ya 7 waliomaliza, kiwanda kiliajiri 4. Wawili walichukuliwa na viwanda vya chai, mmoja alijiajiri kutengeneza majokofu. Na fundi mmoja kati ya wale wanne, miezi 7 baada ya kupata cheti, aliacha kazi akaenda kwenye kiwanda kingine kilichomwongezea mshahara.

Uchambuzi

Kuondoka kwa fundi huyo kulizua maneno. Mwenye kiwanda aliniambia waziwazi kwamba tumemlipisha ili amfungulie mtu mlango. Sina jibu la kumfuta machozi. Ni kweli cheti kinampa mtu miguu. Lakini watatu waliobaki ndio waliofundisha, na hawakuwa wamefundisha hata siku moja kabla ya hapo. Fundi aliyefungwa asiondoke kwa kunyimwa karatasi ni yuleyule anayefunga sanduku la spana. Ningeshauri tu kwamba nyongeza ya mshahara iende pamoja na cheti, mwezi uleule. Kwetu daraja lilicheleweshwa hadi mwaka mpya wa bajeti, na huyo aliyeondoka alichoka katika kipindi hicho.

Tulikopa mfumo wa pacha kutoka Ujerumani, na tulichokopa ni nusu. Huko, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969 haimwachii mwajiri amteue yeyote kufundisha. Anayefundisha kiwandani lazima awe na sifa zinazotambulika. Sisi tulichukua mgawanyo wa siku kati ya chuo na kiwanda, tukaacha lile la nani anamshika mwanagenzi mkono. Ukiniuliza leo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuandika makubaliano ya aina hii, ni hili: fundi atakayefundisha atapata nini, na amekubali?

Kalenda nayo ilichangia kuliko tulivyodhani. Viwanda vingi vya chakula nchini vinakwenda na msimu wa shamba: maziwa na majani, alizeti na mavuno, chai na mvua. Chuo kinakwenda na muhula. Kumpeleka mwanafunzi kujifunza wakati kiwanda kinapumulia juu ni kumpeleka akawe kibarua. Hata hivyo tusingeifuta masika kabisa. Tukio la geji lilitokea Machi, na mtambo uliofunguliwa vipandevipande Septemba usingemfundisha lile.

Barua na waraka vilishindwa kwa sababu vilimwamrisha mtu kutoa kitu kisichoamrishika. Sahihi unaweza kuipata kwa amri. Kumkabidhi kijana bisibisi na kumwambia sikiliza, huwezi.

Upande wa maabara tuliusahau, na bado hatujaurekebisha ipasavyo. Wanagenzi wetu wanajua kufungua mtambo, lakini kipimo cha pombe kinachofanywa mapokezi kujua kama maziwa yameanza kuchacha, na laktomita ya kupima kama yametiwa maji, wanavijua kwa kuona tu, ilhali matatizo mengi ya mtambo yanaanzia kwenye maziwa yaliyoingia. Mtaalamu wa maabara hakuwahi kualikwa kikaoni. Hilo ni kosa lilelile la kwanza, tumelirudia kwa mtu mwingine.

Na kuna kompyuta inayoendesha mtambo. Neno la siri la programu yake liko kwa kampuni iliyouza, nje ya nchi; ikigoma, mtu anapigiwa simu na kiwanda kinasubiri. Mafundi hawaijui, walimu wa chuo hatuijui, mimi nikiwemo. Tumeomba kiwanda, kitakaponunua mtambo mwingine, mafunzo ya programu yaandikwe kwenye mkataba wa ununuzi na walimu wawili wa chuo wahudhurie. Meneja amekubali kwa mdomo. Makubaliano mapya yanaandaliwa sasa, mafundi watatu wakiwa mezani, na Mzee anastaafu mwakani. Kazi ya 34 kitabuni ni kubaini hitilafu ya programu ya mtambo. Katika vitabu vyote 7, nafasi ya sahihi mbele yake iko wazi.